Somo la Nne la Kuputi

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limeacha kukuamsha. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe mwenyewe husema simu ni ya kusalimiana tu, na ninayotaka kukuambia yanahitaji meza na utulivu.

Ofisi ya michezo ya wilaya imeniomba niandae kijitabu cha kuwaongoza wakazi wanaotaka kujifunza gofu: viwanja viko wapi, walimu ni akina nani, vifaa vinapatikana wapi. Wanataka pia sura moja nzima juu ya kuputi, yaani ule mkwaju mfupi wa mwisho unaousukuma mpira hadi shimoni. Wameniomba mimi, mkutubi ambaye hajawahi kuingiza mpira kutoka hatua mbili bila kuomba dua! Walichotaka, nadhani, ni mtu anayejua kupanga orodha. Kijitabu kitakwenda katika shule na maktaba zote za wilaya. Ni kitabu cha kwanza kitakachobeba maneno yangu, na nimejiapiza kwamba hakitakuwa na sentensi hata moja ya uongo.

Nimezunguka wiki tatu, na nimerudi na kinyaa. Katika klabu ya mlimani, chumba cha kuputia kina zulia la kijani lililolowa tangu mvua za mwaka jana. Ukilikanyaga linatema maji ya kahawia, na chumba kizima kinanuka soksi. Mwalimu wao, anayejiita Daktari wa Mashimo, huwafundisha wanaume kwa maneno na wanawake kwa kuwakumbatia kwa nyuma. Aliponishika nilimwambia kiuno changu hakikuandikishwa masomo. Akacheka, na mdomo wake ulikuwa na harufu ya sigara na mayai. Katika duka la vifaa nilikuta sanduku la glavu zilizokwisha kuvaliwa, ngumu kwa jasho la watu. Moja ilikuwa na ukucha ndani. Nilipomwonyesha mwenye duka akasema, "Hiyo bahati, dada. Mwenyewe alikuwa bingwa."

Huenda tatizo ni langu. Mtu aliyezoea karatasi huona uchafu mahali ambapo wengine wanaona maisha tu. Hata hivyo nimeamua sura ya kuputi iwe yako. Wewe ndiye mtunza nyasi wa uwanja pekee wa umma, na darasa lako la wanawake la Jumamosi limetoa wachezaji ambao klabu ya mlimani inawaogopa, akiwemo rafiki yangu Sindano, ambaye bado haamini kwamba fundi cherehani anaweza kuwa bingwa wa kitu chochote kisichoshonwa. Niandikie masomo yako kama unavyoyasema.

Nakumbuka lile la kulamba mpira. Nilikuwa na umri wa miaka minane, nikakuona ukiuokota kwenye nyasi na kuupitishia ulimi mzima kama mtu anayelamba kijiko, na nikatapika nyuma ya banda la mashine. Sijawahi kukuambia. Sasa nimekuambia.

Mpwa wako,
Miwani


12 Februari

Mpwa wangu Miwani,

Marahaba. Goti ni goti tu, linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako angekuwepo angecheka: mtoto aliyekuwa anakimbia mpira sasa anaandika kitabu cha mpira.

Haya, chukua kalamu. Kwanza miguu. Simama kama mtu anayesubiri chai, usisimame kama anayesubiri polisi. Pili macho. Weka kokoto kwenye ncha ya pua, iache ianguke. Ikiupiga mpira, macho yako mahali pake. Tatu, mteremko. Usiusome kwa macho peke yake, zunguka shimo, miguu itakuambia panapoinama. Asiyeamini miguu yake amwage kikombe cha maji aone yanakimbilia wapi. Nne, futa mpira. Chukua kitambaa safi, kiloweshe maji uliyotoka nayo nyumbani, futa, kausha, weka chini. Usiuweke popote pengine. Tano, mabega ndiyo yanabembea, viganja vimelala usingizi. Sita, ukiwa mbali usitafute shimo, tafuta mwendo. Wengi wanakosa kwa mwendo, halafu wanalaumu njia.

Saba, nyumbani. Laza kikombe sakafuni, piga kutoka hatua moja tu, ingiza ishirini mfululizo. Ukikosa wa kumi na tisa, unaanza moja. Huo ndio ulevi wangu. Nane, usiinue kichwa mpaka usikie mpira unalia shimoni. Tisa, ukikosa usiseme nyasi mbaya. Mtunza nyasi naye ana moyo.

Sindano hajambo, anawanyoa wenzake uwanjani kila Jumamosi. Mashindano yanakuja, kamati ya uwanja wanataka grini ziwe na kasi kama kioo. Grini, waandikie wasomaji wako, ni zile nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo. Viwavi vilikuwa vimetumaliza toka Oktoba, lakini kamati ikaleta dawa yao na sasa kumetulia. Hata kunguru hawatusumbui tena.

Huyo Daktari wa Mashimo, akikushika tena, tumia somo la tano. Mabega yabembee, fimbo itue gotini mwake.

Mjomba wako


20 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Masomo nimeyasoma mara nne, na nimekwisha kuvunja kikombe kimoja kwa sababu ya somo la saba. Kumi na nne mfululizo. Wa kumi na tano uligonga mguu wa meza ukarudi kuniangalia.

Nina swali moja. Somo la nne ulilolituma silo ninalolijua mimi. Watu wote wa uwanja wako wanajulikana kwa ulimi. Wanawake wa Jumamosi hulamba mipira yao kabla ya kuputi hivi kwamba wachezaji wa mlimani huwaita Walambaji, nao hujibu kwa kuwafunga. Wewe ndiye uliyewafundisha kwamba kidole kina sugu na jicho lina haraka, ila ulimi hauikosi chembe ya mchanga. Sasa unaniletea kitambaa. Je, ni kwa ajili ya yale niliyokuandikia kuhusu banda la mashine? Kama kinyaa changu cha utotoni kimekufanya uone haya juu ya ufundi wako, nakuomba radhi. Sikuandika ili kukuhukumu.

Mpwa wako,
Miwani


27 Februari

Miwani,

Andika kitambaa. Ya zamani yameshapita, siku hizi watu wana adabu, na kitabu kinakwenda shuleni. Nimewagawia wanafunzi vitambaa toka Novemba, wananicheka tu. Sindano anasema mwalimu amekuwa bwana harusi, anatembea na leso. Wakaidi wakubwa.

Usiongeze, usipunguze. Kazi nyingi huku.

Mjomba


16 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Unapoisoma barua hii, nakala yako ya kijitabu imo ndani ya bahasha hii hii. Nakala mia nne zimechapwa, na nyingi zimekwisha kusambazwa katika shule na maktaba.

Naomba ufungue ukurasa wa thelathini na moja kabla ya kunikasirikia. Nilitafakari sana barua yako fupi. Niliisoma kama mtu anayesoma uso uliogeuzwa ukutani, na nikafikia uamuzi, ambao huenda si sahihi, kwamba ulikuwa umeaibishwa na mimi. Mtu aliyefundisha miaka thelathini kwa namna yake hapaswi kuifuta namna hiyo kwa sababu mpwa wake aliyesoma ana tumbo jepesi. Kwa hiyo nimelirudisha somo la nne kama lilivyokuwa. Nimeandika: "Kabla ya kuputi, mwalimu wetu huulamba mpira, na wanafunzi wake hufanya hivyo hivyo. Ulimi hugundua chembe ambayo jicho limeipuuza. Msomaji asione kinyaa: hii ni heshima kwa mpira."

Nilijifunza mwenyewe kabla ya kuandika, ili sentensi isiwe ya uongo. Nilikwenda kwenye uwanja mdogo wa mazoezi nyuma ya maktaba, nikafumba macho, nikalamba. Ladha yake ni ya vumbi na mpira wa gari. Sikutapika. Naamini ungejivunia.

Mpwa wako,
Miwani


9 Aprili

Miwani mwenzangu,

Kitabu chako nimekisoma chote kwa sababu sina pengine pa kwenda. Niko kitandani wiki ya tatu. Macho yangu yamekuwa ya njano, sikutanii, kama mtu amenimiminia chai ya rangi ndani. Chakula chote kinanuka. Jana jirani alipitisha kitunguu mlangoni tu, nikatapika kwenye beseni la kulowekea vitambaa vya wateja. Mkojo wangu sitaki hata kuutazama. Daktari anasema ini limeumia. Ameniuliza kama nakunywa pombe, nikamwambia labda ile ninayoota. Ameniuliza nakula nini, nakunywa nini, nagusa nini. Nikasema nashika sindano, uzi na fimbo ya gofu. Akaandika.

Umenifurahisha na ukurasa wa Walambaji. Wenzangu wa Jumamosi waliusoma kwa sauti hapa karakana ya ushonaji, ninapolala siku hizi, wakapiga makofi. Sasa tuna karatasi ya serikali, wakasema, mlimani watukome.

Lakini mjomba wako ana nini? Nilipomwonyesha ukurasa ule, kabla sijazidiwa, alikisoma kitabu amesimama, halafu akakitupa kwenye pipa la majani. Nikakiokota mwenyewe. Hajaja kuniona hata siku moja, yeye aliyekuja kila siku nilipovunjika kidole. Na amekuwa wa ajabu toka mwaka jana. Asubuhi tukifika tunamkuta na ndoo imefunikwa gunia, ukimwuliza ndoo ya nini anasema ya mambo yake. Grini zinanuka dawa ya mende. Yeye mpira wake haulambi tena, anafuta na leso, sisi tunamcheka. Mzee ameanza kujiona.

Andika. Nimechoka kuhesabu mbao za dari.

Sindano


13 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua ya Sindano ilinifikia juzi. Nimeiweka kando ya barua zako zote, kwa tarehe, kama ninavyofanya na nyaraka ambazo sitaki kuziamini.

Najua kwamba mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Ini huumia kwa sababu nyingi. Mzee huanza kutumia leso kwa sababu nyingi. Kunguru huhama. Kila kipande cha habari hii nikikitazama peke yake kinanikodolea macho bila hatia, na kwa siku mbili nzima nilijiambia kwamba nakosea. Kisha nilisoma tena somo la nne kwa mwandiko wako: maji uliyotoka nayo nyumbani. Usiuweke popote pengine. Mtu anayezungumzia adabu haandiki hivyo.

Leo asubuhi nimepiga simu karakana na kuwaambia wanawake wote wasiweke mpira mdomoni, wasikanyage grini, na wampelekee daktari jina la dawa kama wanalijua. Hawalijui. Wawili kati yao walikuwa wamecheza jana. Siku zile mbili ni zangu. Sitazipakazia mtu mwingine.

Nakuuliza mambo matatu, na nakuomba usiniite Miwani unaponijibu, wala usinitanie. Ni dawa gani? Ndani ya ndoo mlikuwa na nini? Na wewe uliacha lini kulamba?

Ukinijibu kwamba nimekosea, nitafurahi kuliko nilivyopata kufurahi, na nitakuja kukupigia magoti.

Mpwa wako


21 Aprili

Mpwa wangu,

Hujakosea. Kaa unisikilize, usiichane.

Dawa jina silijui. Pipa halina karatasi. Lilikuja Novemba kwenye gari la mwenyekiti wa kamati. Aliyelishusha aliniambia ukipiga, mtu asikanyage siku tatu. Nikamwambia mwenyekiti. Akasema, "Siku tatu? Wageni wangu wanacheza kesho. Wewe piga, mzee, nyasi hazina masikio." Nikapiga. Kila Ijumaa napiga, Jumamosi wanacheza, wao na wanafunzi wangu.

Wiki ya kwanza nililamba kama kawaida. Ulimi ukafa ganzi siku mbili, mate yakawa machungu kama betri. Nikajua. Nililijua siku ile ile, mama, siwezi kukudanganya.

Ndoo ilikuwa ya ndege. Wanakula viwavi vilivyokufa, nao wanakufa. Kunguru, chiriku, siku moja kumi na mmoja kuzunguka shimo la sita, mmoja bado anafungua na kufunga mdomo. Nilikuwa nawahi kuwaokota kabla wanafunzi hawajafika, nawafukia nyuma ya banda la mashine. Kwenye mfereji pale udongo unanuka, nimepanda maua juu yake.

Sikusema. Nyumba ninayolala ni ya uwanja, na mwenyekiti alinikumbusha hilo bila kulitamka, aliuliza tu kama paa bado linavuja. Nikaona nitaokoa watu kwa kitambaa. Nikagawa vitambaa. Walipocheka, nilitakiwa niseme kwa nini. Nikacheka nao. Siku hiyo Sindano alinitolea ulimi, akaulamba mpira mbele yangu kunitania, akaingiza kutoka hatua nane. Watu wakashangilia. Nami nikashangilia.

Sindano aliponionyesha kitabu chako niliona umeniandikia hukumu bila kujua. Nikakitupa. Nilitakiwa nikupigie simu saa hiyo. Sikupiga.

Kumwona Sindano siwezi. Nilifika mpaka kona ya karakana mara mbili, nikasikia anatapika, nikarudi.

Mjomba wako


24 Aprili

Mjomba,

Nimeanza barua hii mara tatu. Mara ya kwanza niliandika matusi, ambayo sikujua kwamba ninayo. Mara ya pili niliandika mambo ya huruma, nikayaonea kinyaa zaidi ya matusi.

Mwezi Februari nilijaza ukurasa mzima kwa sababu ya zulia lenye unyevu na ukucha ndani ya glavu. Nilijiona mtu mwenye pua kali. Na kumbe barua yako ya tarehe kumi na mbili, yenye utani wake na kokoto yake ya puani, ndiyo iliyokuwa ikinuka, nami niliibusu kabla ya kuiweka kwenye faili. Sasa nikiisoma ile sentensi kuhusu kunguru nahisi kitu kinapanda kooni, kile kile cha nyuma ya banda la mashine, mahali ambapo umewafukia ndege na kupanda maua. Ulishangilia, Mjomba. Hayo mengine, woga, nyumba, mwenyekiti, nayaelewa. Nimesoma vitabu vya kutosha juu ya watu wanaoogopa. Kushangilia sijui nikuweke wapi.

Wala sijui nijiweke wapi mimi. Ulinitumia kitambaa, ukaniambia nisiongeze, nikaongeza. Nilidhani nakulinda dhidi ya aibu. Mtu yeyote asiyekupenda angechapa maneno yako kama yalivyo, na watoto wa shule wangefuta mipira yao. Sentensi moja tu ya uongo imo katika kitabu changu, na ni ile niliyoiandika kwa upendo: msomaji asione kinyaa. Aone! Aone kinyaa cha kutosha hadi atupe mpira.

Nimekwisha kupeleka barua yako, pamoja na jina la mwenyekiti, kwa daktari wa Sindano na kwa ofisi ya afya. Sikuomba ruhusa yako. Watakuja kulichukua pipa. Usiruhusu mtu alihamishe.

Tangu juzi nazunguka shuleni na maktabani na wembe. Ukurasa wa thelathini na moja naukata kwa mkono wangu, nakala moja moja. Nimefikia mia mbili na sita. Walimu wananitazama kama mtu aliyerukwa na akili, nami nawaeleza, na wengine wanaondoka upesi kwenda kuuliza nani kalamba nini. Baada ya kukata, katikati ya kitabu panabaki ukingo mwembamba wa karatasi. Juu ya ukingo huo nitagundisha ukurasa mpya. Sitauandika mimi. Uandike wewe, na uweke ndani yake kila kitu ambacho kitambaa kilikuwa kinaficha. Nitauchapa bila kuongeza wala kupunguza.

Na uende karakana. Sikuombi umwombe msamaha. Hilo ni lake yeye, akubali au akatae. Nenda tu ili asikutafute.

Mpwa wako


2 Mei

Kwa mpwa wangu. Ukurasa huu hapa. Mashimo yote tisa nimeyaziba kwa udongo jana, nikang'oa bendera. Mwenyekiti amenipa wiki mbili nihame, kabla yeye mwenyewe hajaitwa kuhojiwa. Nakwenda kwa binamu yako. Karakana nitakwenda Jumamosi ya wiki ijayo.

SOMO LA NNE. Usilambe mpira. Mimi niliwafundisha watu kulamba miaka thelathini, na miaka ishirini na tisa hawakudhurika, au sikujua kama walidhurika. Mwaka wa mwisho nilipiga dawa kali kwenye nyasi kwa amri ya kamati, nikajua ni sumu, nikaacha kulamba mimi, nikawaacha wanafunzi wangu waendelee. Mwanafunzi wangu bora ameumia ini. Kila uwanja una dawa, na anayeipiga anaijua. Mwulize kabla hujaweka mpira chini. Akikupa kitambaa akakataa kukuambia kwa nini, ondoka. Mtunza nyasi wa uwanja wa umma, aliyekuwa.


19 Mei

Miwani mwenzangu,

Nimeweza kukaa kwenye kiti, kwa hiyo naandika. Daktari anasema ini linarudi, polepole, na hawezi kuapa kwamba ni mpira ulioniumiza, ila wataalamu waliochukua pipa walipomtajia kilichomo, alinikataza hata kuikaribia ile barabara ya uwanja. Wale wawili waliocheza zile siku zako mbili wamepimwa, wako salama. Acha kujila. Umbo lako halihitaji.

Uwanja umefungwa kwa utepe. Tunaputi karakana. Tumetandika kitambaa kizito cha makoti kati ya cherehani mbili, kikombe kimelazwa mwisho. Mimi napiga nikiwa nimekaa. Kumi na saba mfululizo, ujue hilo.

Mjomba wako alikuja Jumamosi ya kwanza, kama alivyokuahidi. Amekonda. Alisimama mlangoni ameshika kofia, na mfuko wa vitambaa vipya vilivyokunjwa vizuri. Hakuna aliyemwambia karibu. Hakuna aliyemwambia toka. Akasema, "Nimekuja kuwaambia kwa mdomo wangu," akaanza, akasema yote, ndege, pipa, siku ile niliyoingiza kutoka hatua nane. Alisema hata kwamba alishangilia. Mimi nilikuwa nimeshasoma ukurasa wake, nikadhani sitasikia kitu kipya. Lakini kusikia ni kitu kingine. Nikashika beseni, nikatapika.

Nilipomaliza nikafungua droo. Mle nilikuwa na mpira wangu wa siku ya mwisho. Sijauosha, una jani limekaukia ubavuni na ile harufu bado. Niliuweka mezani juu ya mkasi ili usibingirike.

"Lamba, Mwalimu," nikamwambia.

Mmoja wetu aliacha mguu kwenye pedali, cherehani ikashona hewa mpaka akakumbuka.

Nilitaka akatae. Nilikuwa nimelipanga, akatae, nimcheke, nimfukuze, nilale vizuri. Hakukataa. Aliweka kofia sakafuni, akauchukua mpira, akaufikisha mdomoni. Nikauona ulimi wake, mweupe, mkavu, umetoka. Angelamba, Miwani. Na uso wake haukuwa na ushujaa wowote, alikuwa kama mtu anayemeza kidonge alichochelewa kukimeza.

Nikampiga mkono. Sijui nilipata wapi nguvu. Mpira ukamponyoka, ukagonga ukuta, ukabingirika chini ya cherehani kubwa, ile ya pembeni.

Nimejiuliza nilimpiga kwa huruma au kwa kutostahimili kuuona ule ulimi. Wewe uliyesoma usinijibu, najua utaandika kurasa tatu halafu useme huenda umekosea. Yeye aliokota kofia yake, akaacha vitambaa mezani, akasema, "Nitapita Jumamosi nyingine, mkitaka." Sikusema ndiyo. Jana, ambayo ilikuwa Jumamosi ya pili, alipita, akasimama nje ng'ambo ya barabara, tukaputi mlango ukiwa wazi. Hilo tu.

Vitambaa vyake tumevichemsha mara mbili, ndivyo tunavyofutia. Mpira bado uko chini ya cherehani. Tunafagia kuuzunguka. Ukiinama unauona, na hakuna mwenye hamu ya kuingiza mkono.

Sindano